Unga wa Alfajiri: Wiki Saba za Kusubiri Chennai

Nikimwambia mtu kwamba nilikaa India wiki saba, swali la kwanza huwa ni Taj Mahal. Sikuiona. Iko Agra, kaskazini, na mimi nilikuwa Chennai, kusini, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka huko. Swali la pili ni yoga. Hapo huwa nacheka tu. Najua wapo wanaokwenda India kutafuta utulivu wa roho, wakarudi na shanga shingoni na picha za machweo. Mimi nilikwenda na mama yangu kutafuta valvu ya moyo.

Nasema mapema usije ukasoma hadi katikati ukaniuliza mahekalu yako wapi. Hapa kuna kichochoro kimoja, kizingiti kimoja cha jirani, na mama yangu, ambaye ugonjwa ulimnyang'anya pumzi lakini si maneno.

Tulifika mwanzoni mwa Desemba, mvua zikielekea kukatika. Kule mvua kubwa za Oktoba hadi Desemba huja na upepo wa kaskazini mashariki, ndugu wa kaskazi yetu, huohuo uliokuwa ukisukuma majahazi kuja pwani ya Afrika. Nikamweleza mama, nikitaka kumchangamsha. Akanitazama. "Yaani nimepanda ndege mbili nije kupigwa na kaskazi?"

Tulipanga chumba ghorofa ya tatu kwenye nyumba ya wageni jirani na Greams Road. Mtaa ule karibu kila jengo ni nyumba ya wageni wa hospitali. Jikoni ni la wote, na ukiingia jioni unajua nani anatoka wapi kabla hujamwona: Wabangladeshi na samaki wao wa haradali, Waomani na mchele wao, sisi wa Afrika Mashariki tunasonga ugali wa unga tuliobeba kwenye begi. Mazungumzo ni ya namna moja. Mgonjwa wako nani, ana nini, kafanyiwa lini, bado siku ngapi.

Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga, kule kwenye barabara zinazoitwa kwa namba. Wahindi niliokua nao walikuwa wenye maduka, Wagujarati na Wakachi, na nilijidanganya kwamba maneno mawili matatu niliyookota kwao yangenifaa. Chennai wanasema Kitamili, lugha ambayo hata ukoo wake si mmoja na Kihindi, na maandishi yake yamejikunja kama jalebi. Neno lililotuokoa lilikuwa moja tu. Daktari alipokuwa akieleza gharama kwa Kiingereza, mama, ambaye Kiingereza hakijui, aliinua kichwa ghafla: "Kasema laki!" Kweli kasema laki. Laki yetu imetoka hukohuko, sawa na pesa, gari na bima. Mama akafurahi kwa jinsi laki zenyewe zilivyokuwa chache, mpaka nilipomwambia kwamba ni za rupia, zidisha mara thelathini hivi. Akanyamaza hadi tunafika chumbani.

Ya hospitali nitayapita haraka. Walimpasua katikati ya Desemba. Nilikaa saa tano kwenye kiti cha plastiki, nikila kucha. Kisha akawekwa chumba cha uangalizi maalumu, na mimi nikaruhusiwa kumwona mara mbili kwa siku, dakika chache, nimevaa barakoa na viatu vya kitambaa. Saa zilizobaki sikuwa na la kufanya. Ukiwa na mgonjwa nyumbani unachemsha maji, unapokea wageni, unafua. Pale kila kitu kinafanywa na wengine, kwa malipo. Kazi yako ni kungoja simu isilie.

Ndiyo nikaanza kutazama chini.

Baada ya swala ya alfajiri sikuwa nalala tena. Nilisimama kwenye baraza letu dogo lenye kamba za nguo. Nyumba ya mkabala ilikuwa ya chini, imebanwa na maghorofa kama mtoto kwenye daladala, na kila siku, saa kumi na moja na robo hivi, mlango wake ulifunguka akatoka mwanamke wa makamo, nywele zimefungwa kwa taulo. Anafagia kwa ufagio wa njukuti. Anachota maji kwenye ndoo kwa kiganja na kuyarusha, paa, paa, paa, mpaka saruji inakuwa nyeusi. Kisha anainama kutoka kiunoni, miguu imenyooka, kama mtu anayepandikiza mpunga, na mkono wa kushoto umeshika kibuyu cha plastiki chenye unga mweupe.

Kwanza anaweka nukta. Unga kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, anadondosha. Safu ya nukta saba, chini yake sita, na kuendelea. Halafu anavuta mstari. Hauziunganishi nukta, unazizunguka: unapita kushoto ya hii, unakata kulia ya ile, unarudi nyuma, unajipita wenyewe, mpaka unafika ulipoanzia, na kila nukta imepata chumba chake. Dakika saba, nane. Hasimami kufikiri. Akimaliza hasogei nyuma kutazama kama ningefanya mimi. Anachukua ndoo anaingia ndani.

Inaitwa kolam. Utaiona mlango kwa mlango katika Tamil Nadu yote, jimbo ambalo Chennai ndio makao yake makuu.

Pembeni ya mlango palikuwa na kiti cha plastiki, na kiti kilikuwa na mzee. Baba mkwe. Alisoma gazeti kwa lenzi ya mkononi tangu mwanga wa taa ya barabarani, na mwanamke alipofika kufagia chini yake, mzee aliinua miguu yote miwili bila kuondoa macho kwenye gazeti. Ufagio unapita, miguu inashuka. Kila siku. Nilianza kuingojea ile miguu.

Saa moja mtu wa maziwa anapita na pikipiki juu ya kolam. Saa mbili bajaji (wao huita auto tu, la Bajaj tumelikuza sisi) inageuzia pale. Adhuhuri imebaki kama vumbi la chaki ubaoni. Kesho yake nyingine, mchoro mwingine.

Unaweza kukisia nilichokiandika kwenye simu yangu siku zile. Nilikuwa nimesoma kwamba kolam huchorwa kwa unga wa mchele ili sisimizi na ndege nao wapate chakula, na kwamba ni kukubali kuwa hakuna kinachodumu. Niliandika ukurasa mzima. Nilitokwa na machozi kidogo, nakiri, na nililala vizuri usiku ule kwa mara ya kwanza.

Mlinzi wetu ndiye aliyetukutanisha. Mwanamke yule niliambiwa nimwite Akka, yaani dada mkubwa. Kule nako mtu haitwi jina kavu, kuna Akka, Anna (kaka mkubwa), Amma (mama), na hata muuza mboga unamtafutia ukoo kabla ya kumuuliza bei. Mwanawe yuko chuo na anajua Kiingereza, akawa mkalimani. Nikamweleza kwa hisia zote habari ya sisimizi. Kijana akatafsiri. Akka akacheka mpaka akashika mlango. Jibu lilipokuja lilikuwa hivi: hii ni poda ya mawe, inauzwa kwa mfuko na ni rahisi, unga wa mchele ni wa sikukuu, nani ana mchele wa kumwaga chini kila siku? Na huamka saa kumi kwa sababu ndio muda ambao maji hayana foleni.

Hiyo nayo nilikuwa nimeiona bila kuiona. Pampu ya mtaa, na mitungi ya plastiki ya rangi zote imepangwa mstari, kila mmoja ukiwakilisha mtu aliyerudi kulala. Nilikuwa nanywa utulivu kila alfajiri kutoka kwa mtu ambaye mgongo unamuuma. Nikamuuliza kama basi anaichoka. Akatikisa kichwa ile namna yao, upande kwa upande, ambayo ni ndiyo, ni hapana, ni tuone. Kijana hakuitafsiri.

Akanipa kibuyu nijaribu. Nukta ziliniwia sawa. Mstari ulinishinda: ukibana vidole sana unga unakatika, ukilegeza unamwagika bonge, na ukisita hata kidogo mkono unakusaliti palepale, kila mtu anaona ulipokuwa na wasiwasi. Kolam yangu ilitoka kama pweza aliyepigwa kwenye mwamba. Mzee alishusha gazeti, akaitazama kupitia lenzi, akasema kitu. Kijana: "Babu anasema mgeni ataandika barua nyingine kesho."

Nilikuwa natembea pia. Mchana nilipanda basi la mjini kwenda Marina, pwani ndefu ya mchanga inayoanzia karibu na ngome ya kale ya Waingereza. Kondakta wa basi la Chennai mara nyingi ana kiti chake nyuma, hasumbuki kuja. Abiria wa mbele anampa jirani noti, anasema anakoshuka, noti inaanza safari ya mikono: mwanafunzi, bibi mwenye kikapu, mtu aliyelala akaamshwa begani, hadi nyuma. Baada ya kitambo tiketi inarudi kwa njia ileile, na chenji imekunjiwa ndani yake. Mara ya kwanza niliisindikiza noti yangu kwa macho kama mama anayempeleka mtoto shule. Ilirudi kamili. Nimepanda sana daladala, na ninawapenda watu wetu, ila sijui kama ningeijaribu Mbagala.

Tarehe 26 Desemba nilikuta wavuvi wanamwaga maziwa na maua baharini. Ni kumbukumbu ya tsunami ya mwaka 2004, ambayo pwani ile iliua watu wengi, na mawimbi yake yakafika hata kwetu Afrika Mashariki. Maziwa yalikaa kidogo juu ya maji kama wingu, wimbi likaja likayachukua. Watu wakapangusa mikono, wakaenda kushona nyavu.

Mama akatoka hospitali. Sasa nikawa na kazi: dawa ya kuzuia damu kuganda, kupima damu kila baada ya siku chache, na masharti ya mboga za majani, kwamba ale kiasi kilekile kila siku, asizidishe leo akakosa kesho, maana vitamini K iliyomo inapingana na dawa. Mama aliyepika mchicha miaka arobaini kwa kukadiria kwa jicho akaanza kuupima kwa kikombe cha chai, akinung'unika.

Chakula chao alikikubali kwa masharti. Idli, ile ya mchele na dengu zilizosagwa zikachachuliwa usiku kucha na kupikwa kwa mvuke, alisema ni kitumbua kilichokosa mafuta na sukari, yaani kitumbua kilichofiwa. Lakini alikula tatu. Wali wa mtindi aliuomba mwenyewe. Kilichomshinda ni kunywa maji kwa kuyamimina kinywani bila chupa kugusa midomo, kama wafanyavyo wengi kule. Alijaribu mara moja, akalowesha bandeji, nikatukanwa mimi.

Alichokipenda kabisa ni salamu. Mlinzi, mfagiaji, muuza duka, wote wakimwona humuuliza: *Saaptingala?* Umekula? Akawa anajibu kwa Kiswahili, kirefu, alichokula na kilichobaki, na wao wanatikisa kichwa.

Na maua. Jioni mwanamke hukaa chini pembeni ya barabara na lundo la asumini zilizofungwa kwa uzi wa mgomba, anauza kwa mkono: kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mama alipoona kipimo kile akakaa chini palepale. "Dhiraa!" Bibi yake alikuwa akipima hivyo kitambaa. Akanunua mikono miwili, akavuta harufu na macho amefumba. Akasema ingepatikana rehani na mkadi angesokota kikuba. Kisha akafumbua jicho moja: "Huyu mkono wake mfupi. Kesho tumtafute mrefu." Nilipomwambia kijana wa Akka, akasema mama yake husema hivyohivyo.

Ule ulikuwa mwezi wao wa Margazhi, kuanzia katikati ya Desemba hadi katikati ya Januari. Ni mwezi wa ibada ya alfajiri, vipaza sauti vya hekalu vinaimba tenzi 30 za kale, kila siku mmoja, kama sisi tunavyomaliza juzuu katika tarawehe. Nazo kolam hukua mwezi huo, zikafika katikati ya njia. Ndiyo maana asubuhi moja mwanzoni mwa Januari nilipotazama chini nikaona saruji tupu, moyo ulinidunda kabla sijajua kwa nini. Haikufagiwa. Kiti kilikuwepo.

Saa nne ngoma zikaanza, nzito, za haraka, na vijana wanacheza mbele. Fataki. Mama akaniita kutoka kitandani: "Harusi hiyo?" Nikamuuliza mlinzi. Akasema mwezi huu hakuna harusi, watu hawaoi Margazhi. Akaonyesha kwa kidole.

Walimtoa mzee amefunikwa maua mpaka kidevuni, kwenye gari lililopambwa kama la bwana harusi kweli, na kila hatua watu walinyofoa petali wakazitupa barabarani. Kwetu Tanga jeneza hupita kwa dhikri, hatua za haraka, na wenye maduka hushusha milango. Mwanzoni zile ngoma ziliniudhi. Zilipoishia kona, nikasikia kimya kilichobaki nyuma yake, nikaelewa kidogo. Wanawake hawakwenda makaburini, kama ilivyo kwetu. Akka alibaki mlangoni. Akachukua ndoo, akarusha maji, paa, paa, paa, akafagia petali zote. Alipofika kwenye kiti akafagia chini yake. Kisha akaingia ndani. Hakuleta unga. Nyumba yenye msiba haichorwi.

Mama, wiki tatu tu tangu afunguliwe kifua, alivaa kanga zake akasema tunakwenda. Ngazi za ghorofa tatu, maana lifti ilikuwa imekwama kama desturi yake. Alikaa kwenye mkeka pembeni ya Akka, akamshika mkono, akasema, "Pole, mwanangu. Mungu akupe subira." Wakakaa hivyo zaidi ya saa nzima, hawana neno hata moja la pamoja. Tulipoinuka nikataka kuaga kwa heshima, kijana akanizuia kwa upole. Kule hakuna kuaga msibani, unainuka unaondoka. Siku za kawaida mtu akiondoka husema *poyittu varen*, naenda nirudi, maana kusema naenda tupu ni nuksi. Msibani husemi, usije ukaalika msiba mwingine kwa ahadi ya kurudi.

Katikati ya Januari ikaja Pongal, sikukuu yao ya mavuno. Mchele mpya na maziwa huchemshwa mpaka ufure na kumwagika, na ukimwagika wanashangilia. Kichochoro chote kilikuwa rangi: nyekundu, njano, buluu, miwa imeegemezwa milangoni. Kwa Akka palikuwa patupu, kipande cha saruji cha mita mbili, na watu walipita pembeni yake wakikiruka kwa adabu. Asubuhi ile nilikaa barazani muda mrefu kuliko siku zote, sikuandika chochote.

Siku chache kabla hatujaondoka, maji yakarushwa, ufagio ukapita, na kibuyu kikatoka. Kolam ndogo, ya nukta tatu tu. Kiti kilikuwa kimeingizwa ndani.

Mama alimpa Akka jozi ya kanga. Kijana akauliza maandishi yanasemaje, tukamtafsiria: "Mgeni njoo mwenyeji apone." Akka akaipenda sana. Kesho yake nilipochungulia mlangoni mwao ilikuwa imefunika televisheni.

Tuliondoka mapema, teksi ikarudi kinyumenyume kichochoroni saa kumi na mbili kasoro. Akka alikuwa amekwisha kuchora. Akaja hadi dirishani, akamwambia mama aseme vizuri sasa, kama watu: *poyittu varen*. Mama akaniuliza maana yake. Nikamkumbusha: naenda nirudi.

"Nirudi? Na kifua hiki? Mwambie aje yeye Tanga. Nitampikia vitumbua vyenye mafuta."

Kijana akatafsiri, wakacheka, lakini Akka hakuachia mlango wa gari. Akarudia taratibu, neno moja moja, kama unavyomfundisha mtoto. Dereva alikuwa anatazama saa. Mama akanitazama mimi, akamtazama Akka.

"Haya. Poyitu vare," akasema. "Lakini kutembea tu."

Gari likaondoka, tairi la kushoto likapita juu ya mchoro. Mama akageuka kutazama nyuma, akaanza kumgombeza dereva kwa Kiswahili.